Simu Yako kwa Meneja

Irbid, 9 Machi. Asubuhi ina ukungu na baridi.

Ami Burhan,

Assalamu alaykum. Sote wazima.

Jana nilikwenda kwenye usaili na rafiki yangu Ghadir, niliyefanya naye mazoezi ya maswali mwezi mzima. Nafasi ilikuwa moja. Meneja alinimiminia kahawa, akaulizia hali yako, akasema kazi ni yangu. Hakunihoji kabisa.

Ghadir alitoka akicheka: "Shoga, wamenikamua kama limau! Wewe je?"

Nikajibu, "Hata mimi."

Ami, najua ulipiga simu ile kwa kunipenda. Tafadhali mpigie tena, anihoji kama wengine. Nikishindwa, Ghadir aichukue kazi. Mama ameshawagawia majirani vitamu vya kunafa kwa furaha ya kazi hii. Aibu hiyo nitaibeba mwenyewe.

Mwanao,
Rudayna