Medali ya shaba na salamu ya nkambo yako

Mujukuu wangu Kabibi,

Kuko jambo sijaambiaka muntu hata mumoja. Salamu kwanza: tuko muzuri, na dada yako alizaa mutoto mwanamuke. Unauliza juu ya nini nkambo yako mwanaume, bwana yangu, anasalimiaka bantu na mukono ku kifua.

Wakati wa Zaire, mukubwa mumoja wa bakomunisti alifika hapa Lubumbashi. Mi, mutoto wa masomo mwenye haya, nilibeba muto mudogo wa kuwekea medali. Bafundi ba shaba balikuwa bameitengeneza kubwa sawa kisahani. Guverneri akaitunga na pini ku koti ya mugeni. Pini ikakatika, ikaangukia ku muto wangu. Mugeni akakamata medali na mukono, isianguke. Guverneri akawaza njo salamu ya kwabo, naye akashika kifua. Kisha uwanja muzima!

Kijana mumoja akanigombeza, akiniita mwananchi mu Kifaransa: "We citoyenne, Kifaransa yote ile ya masomo, adabu hakuna? Shika kifua!"

Nikashika. Njo nkambo yako ule. Hata siku alikuya kuniomba ndoa, alisalimia tata yangu vile.

Nikimuambia leo ilikuwa paka pini tu, hapana salamu, atasalimia bantu namna gani?

Nasikia viatu vyake ku mulango. Naficha hii karatasi chini ya kitambaa ya meza, nashika kifua, namungojea.