Mwezi Tuliozima Mtandao

Florø, Norwe
28 Machi

Mpendwa Mama Mdogo Borghild,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani. Hali yako ikoje? Na ile nyonga uliyofanyiwa upasuaji, inakuruhusu sasa kushuka hadi bustanini? Najua huko Dunedin majira ya joto yanaishia, nawe hupendi kufungiwa ndani. Sisi tu wazima wa mwili. Mvua haijakatika tangu Jumatatu.

Nimechelewa kukujibu, unisamehe. Uliuliza kwa ujumbe kwa nini safari hii baba hakuandika hata neno moja kwenye kadi tuliyokutumia mwanzoni mwa mwezi huu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Yote yalianza na Ylva wangu. Sasa ana miaka kumi na mitano, na tangu vuli alikuwa haachi simu. Anakula nayo, anaoga nayo, akiitwa haitiki. Shuleni alama zilishuka. Nami sikuwa bora kuliko yeye. Siku moja nilishtuka nimekaa kwenye kochi saa tatu nzima nikiwatazama watu nisiowajua wakipaka rangi makabati yao. Nikaamua: mwezi mzima nyumbani kwetu hakuna mtandao usio wa lazima. Benki, masomo, miadi ya daktari, basi.

Ylva aliwaka. "Kama ni sisi, basi na babu pia! Kila asubuhi yuko kwenye kishikwambi chake, mbona yeye humsemi?" Kisha akaanza kupatana nami kama yuko sokoni: "Haya, iwe Februari. Ina siku chache."

Baba, kama ujuavyo, anakaa ghorofa ya chini tangu mama afariki. Tulimshukia sote wawili na habari hiyo, tukiifanya mzaha. Akauliza kama kumwandikia Hanus ni lazima au si lazima.

Huyu Hanus hukumfahamu. Alikuwa mzee wa Visiwa vya Faroe, fundi wa mitambo ya meli kama baba, aliyefiwa na mke kama baba, akiishi peke yake. Walifahamiana miaka sita iliyopita kwenye ukurasa wa wapenzi wa injini za zamani, wala hawakuwahi kuonana. Simu haikuwafaa, maana masikio ya baba yaliishia kwenye vyumba vya injini. Kwa hiyo waliandikiana.

"Mnaandikiana nini?" nikamuuliza.

"Tunaambiana tumeamka."

Ylva akaangua kicheko, na mimi, Mama Mdogo, nikacheka naye. "Baba, mimi si niko hapa juu? Siku usipoamka nitajua tu."

Akanitazama kidogo. "Sawa, Torunn. Msije mkasema mzee ndiye aliyewaharibia."

Siku ya mwisho ya Januari akapanda ngazi na kishikwambi chake, amekifunga kwa kitambaa cha jikoni, akakiweka mwenyewe kabatini karibu na simu ya Ylva.

Sitakudanganya, siku nzuri zilikuwapo. Ylva alioka mkate ukatoka mgumu kama tofali, tukaula hivyo hivyo na jibini ya kahawia, tukichekana. Tulicheza karata. Kazini nikawa najisifu kwa kila mtu. Lakini asubuhi nilimsikia baba akitembea chini, anakwenda dirishani na kurudi, anakwenda na kurudi. Nilifikiri ni uzee.

Tarehe mosi Machi Ylva alimshushia kishikwambi. Haikupita robo saa nikamsikia akiniita, "Mama, njoo! Babu hasemi!"

Kulikuwa na jumbe kumi na moja za Hanus. Kumbe baba alikuwa amemuaga kwamba atatoweka mwezi mmoja, naye Hanus akajibu kuwa ataendelea kuandika, mwenzake atasoma akirudi. "Nimeamka, upepo ni wa kaskazini." "Nimeamka, nimemaliza samaki wa jana." Ujumbe wake wa mwisho uliandikwa tarehe kumi na moja. Chini yake kulikuwa na mmoja tu, kutoka kwa mpwa wake aitwaye Barba. Hanus aliteleza jikoni alfajiri ya tarehe kumi na mbili, akavunjika paja, akalala sakafuni siku mbili mpaka mleta barua alipochungulia dirishani. Hospitali alikaa siku tano, akafariki.

Ndipo baba aliponieleza. Walikuwa na ahadi: mmoja wao asipoandika hadi saa mbili asubuhi, mwenzake awaandikie watu wake mara moja. Baba alikuwa na anwani ya Barba. Hanus alikuwa na yangu. Miaka sita kulikuwa na mtu ng'ambo ya bahari anayemlinda baba yangu, nami nikamweka upande wa mambo yasiyo ya lazima.

"Mbona hukuniambia?" nikalia. "Baba, ungesema neno moja tu!"

"Mlikuwa mnacheka," akasema. Hakusema kwa hasira.

Nilimwomba msamaha nimepiga magoti kama mtoto. Akanishika kichwa. "Wewe hukujua," akasema. "Mimi nilijua, nikaona aibu kubembeleza."

Nilimwandikia Barba. Hajajibu, wala simlaumu. Kila asubuhi nashuka kumuuliza baba kama ameamka, naye hunijibu, "Si unaniona?" Anakula nusu kipande cha mkate. Daktari hajaona ugonjwa wowote. Kishikwambi amekataa kukigusa. Ylva amerudia simu yake, na sasa ni mbaya kuliko zamani, lakini simwambii kitu. Nimwambie kwa uso gani?

Jana nilimkumbusha baba kwamba Pasaka tutakwenda kwenye kibanda chetu mlimani, kama kila mwaka. Akasema, "Nendeni ninyi."

Ungekuwa karibu ningekuomba uje ukae naye. Ukiweza, mwandikie barua, kwa herufi kubwa. Sijui kama ataifungua.

Nisalimie sana Baba Mdogo Alistair, na Morag na wanawe. Ylva anakubusu. Mungu akutunze huko uliko, akupe usingizi mwema na miguu isiyokuuma.

Baba hakutuma salamu. Nilimuuliza mara mbili. Kwa hiyo hizi nazituma mimi, kwa jina lake.

Ni mimi mwanao wa Florø, nikupendaye,

Torunn