Nambari Mpya, Ukurasa Uliooza

Jumatatu, 2 Mei 2005

Baada ya kazi nimesahihisha kurasa mbili za tovuti ya mradi wetu wa kujitolea, wa mfumo wa kompyuta wa bure. Wa habari na wa kupakua mfumo. Kiingereza kilibadilika wiki jana, Kiswahili chetu kimekifikia leo. Saiba ya Abdi, hapa ninapolipia intaneti, imejaa matope, kila mteja anaingia na udongo mweusi wa Kitengela kwenye viatu. Kibodi inanata. Mtu alikula mandazi hapa akapangusia vidole kwenye herufi. Nimeifuta na leso yangu, leso nimeitupa.

Ile barua pepe ya kila wiki imekuja. Inaandikwa na mashine. Juu ya kila ukurasa, ndani, mahali msomaji haoni, tunaweka nambari ya toleo la Kiingereza tulilotafsiri. Kiingereza kikibadilika nambari yake inapanda, mashine inaona tumebaki nyuma, inatusumbua hadi tufikie. Mimi nilikuwa na kurasa mbili zilizochakaa. Saitoti, mwenzangu wa kutafsiri, hana hata moja. Na yeye ndiye anashika zile ndefu, za kuweka mfumo kwenye kompyuta. Yuko Magadi, kwenye joto lile, na kazi ya ofisi juu yake. Kusema kweli namwonea wivu.

Alhamisi, 5 Mei

Siku mbaya. Nimekuwa nikimsifia Abdi huu mfumo wetu wa bure tangu mwaka jana. Jana akaamua kujaribu. Akachapisha ukurasa wa Saitoti, akaketi nao mbele ya kompyuta yake ya nyuma ya kaunta, akafuata mstari kwa mstari. Ukurasa unasema: kwenye orodha chagua la kwanza, mfumo wako wa zamani na vitu vyako vyote vitabaki. Akachagua la kwanza. Kompyuta ikafuta kila kitu.

Ndani kulikuwa na picha za mamake. Za miezi yake ya mwisho, Garissa. Hakuna nakala nyingine.

"Dada, mimi nimefuata tu vile imeandikwa," aliniambia. "Si ni nyinyi mliandika?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Niliondoka bila hata kumaliza chai aliyoniletea.

Ijumaa, 6 Mei

Nimejua. Nimeomba ruhusa mapema dukani ninakofanya kazi, nikaenda saiba, nikafungua historia ya ule ukurasa. Kila badiliko linabaki pale, nani, lini, nini. Saitoti ameugusa mara nyingi. Kila mara amebadilisha kitu kimoja. Nambari ya juu.

Nambari tu! Hakuna neno hata moja la Kiswahili lililoguswa tangu mwaka juzi. Barua ya mashine inakuja, anapandisha nambari, mashine inanyamaza. Ukurasa unapata alama ya kijani. Aliyeufungua anaambiwa umelingana na wa Kiingereza. Na ndani ni maiti.

Ule mlolongo wa kuweka mfumo ulishabadilika. La kwanza la zamani limekuwa la tatu. La kwanza la sasa ni futa yote.

Nimepita kurasa zake zote. Zote hivyo. Ni kama kufungua sufuria iliyofunikwa vizuri ukakuta nyama ina funza.

Jumapili, 8 Mei

Saitoti amepanda kutoka Magadi. Tulikutana pale pa nyama choma karibu na stendi. Amevaa fulana ya mradi. Akanisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," kwa sauti ya mkutano wa hadhara, nikaitikia kwa shida. Tulisoma pamoja chuoni, namjua tangu hana kiatu cha pili.

Nikamwambia ya Abdi. Alisikitika kama mtu anayesikia mvua imenyesha kwingine. Nikamwambia nimeona nambari. Akacheka!

"Sister, tulia. Nani husoma hizo pages? Watu wote wanaingia ya Kizungu. Important ni tuonekane tuko pale."

Mafuta yalikuwa yanamtiririka kidevuni. Nilimwangalia akitafuna ubavu, nikashindwa kula. Namchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Halafu, huku akichokonoa meno, akanipa habari njema. Jumamosi hii shule moja ya wasichana huko Kajiado inaweka mfumo wetu kwenye kompyuta zake zote. Yeye ndiye mgeni wa heshima. Amewatumia ukurasa wake, mwalimu amewachapishia wasichana. Kwenye kompyuta hizo ndiko kuna kazi za wasichana wa Kidato cha Nne, za mtihani wa taifa. Nilimwambia awapigie sasa hivi, mbele yangu. Akasema ataona.

Jumatatu, 9 Mei

Hajawapigia. Nimepiga mimi. Mwalimu Resiato ndiye anafundisha kompyuta pale. Mpole, ana haraka. Nilimweleza kwamba ukurasa ni wa zamani.

"Lakini madam, nimeangalia mwenyewe kwa website. Inasema iko sawa na ya English. Na Bwana Saitoti si ndiye kiongozi wenu?"

Nikasema si kiongozi wa mtu. Nikasikika kama mwanamke mwenye wivu. Alinishukuru vizuri, ile shukrani ya kumtoa mtu kwenye simu.

Jumanne, 10 Mei

Nimejaribu kuutafsiri upya. Haiwezekani kabla ya Jumamosi. Si mstari mmoja uliokufa, ni ukurasa mzima, na kila skrini unayoitaja imebadilika. Zile skrini mpya sijaziona. Nikikisia nitakuwa Saitoti wa pili. Halafu umeme umepotea mtaa mzima wa Noonkopir, nikarudi nyumbani kwenye matope, viatu mkononi.

Nikirudisha nambari, tovuti itasema tu ukurasa umechelewa, na bado wataufuata. Njia moja imebaki. Kuuondoa. Mwalimu anaiamini tovuti, basi tovuti yenyewe imwambie hakuna kitu hapa.

Lakini najua sheria ya mradi. Lugha isiyo na ukurasa wa kuweka mfumo haikai kwenye ule mstari wa lugha chini ya kila ukurasa. Kiswahili kitatoka. Kurasa zangu zitabaki zimekaa mahali, bila mlango. Jioni zangu zote za miaka miwili. Usingizi umenikataa kwa sababu ya mtu aliyekula ubavu wa mbuzi akafuta mikono kwenye fulana yetu.

Jumatano, 11 Mei

Nimeufuta. Na zake nyingine zote.

Mratibu wa lugha, mama mmoja wa Ulaya ambaye sijawahi kumwona, aliandika baada ya muda mfupi. Aliuliza kama nina hakika, maana Kiswahili kitaondoka kwenye mstari. Nikajibu nina hakika. Nikaeleza sababu, nikamtaja Saitoti kwa jina, bila kupaka rangi. Halafu nikampigia Mwalimu Resiato, nikamwomba jambo moja tu, aufungue tena ule ukurasa kabla ya Jumamosi.

Alhamisi, 12 Mei

Ujumbe wa Saitoti umejaza simu. Eti mimi ni msaliti. Nimeaibisha lugha yetu mbele ya wazungu. Nina roho chafu. Mimi! Kuhusu picha za mamake Abdi, hakuna neno. Kuhusu wasichana, hakuna neno. Nilifuta ujumbe mmoja mmoja na kila mmoja ulinikera upya.

Shule hawajanipigia.

Jumamosi, 14 Mei

Dukani tangu asubuhi. Nimeuza dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe, nikamrudishia mzee mmoja chenji mbaya mara mbili. Simu ilikuwa kando ya mizani. Ilipolia niliogopa kuishika.

Mwalimu Resiato. Jana aliufungua ukurasa akaukosa. Akamuuliza Saitoti kwa simu, Saitoti akasema ni hitilafu ndogo, waendelee na makaratasi. Hapo ndipo alipoingiwa na shaka. Ameahirisha. Wasichana wamenakili kazi zao kwenye CD kwanza. Mgeni wa heshima alifika, akapewa soda, akarudi.

"Kama sikukusikiliza Monday, pole," alisema. "Ungeweza kutuacha tu, lakini hukutuacha."

Nilienda nyuma ya magunia ya dairy meal, chakula cha ng'ombe, nikalia.

Jumapili, 15 Mei

Baada ya kanisa nimepita saiba. Abdi alikuwa anafagia udongo uliokauka. Tulisalimiana. Nikaketi.

Nimefungua ukurasa wa mbele wa mradi, nikashuka hadi chini, kwenye mstari wa lugha. Nimezisoma zote polepole. Kiswahili hakipo. Inauma. Nilitarajia ile karaha ya wiki nzima ipande tena, haikupanda.

Nimefungua ukurasa wa Kiingereza wa kuweka mfumo, nikasoma sentensi ya kwanza. Halafu nimemuuliza Abdi kama anaweza kunionyesha, kwenye ile kompyuta yake, skrini ya kwanza ya kuweka mfumo inasemaje, nianze kuutafsiri ukurasa upya. Aliweka ufagio chini, akavuta kiti.