Jina Lako Kinywani mwa Baba

Vengthlang,
Champhai.
9 Novemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Thansiama,

Nakusalimu katika Bwana. U hali gani huko Pune? Mawii, binti wa jirani yetu Bibi Chhingi, amekuja likizo kutoka chuo cha uuguzi, akatuambia mlikutana kituo cha treni. Anasema umekonda ila kicheko chako ni kilekile. Ndiye aliyenipa anwani hii. Natumaini kile kifua hakikusumbui tena wakati wa mvua, na kwamba unapata wali wa kushiba.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua. Mpunga wa bondeni umeshavunwa. Baba alifariki Alhamisi, wiki mbili zilizopita. Nimetafuta namna nzuri ya kuliandika jambo hilo baada ya salamu, sikuipata, kwa hiyo nimeliweka hapo.

Tulikutafuta, Thansiama. Barua niliyokutumia mwezi wa Julai kwa anwani ya zamani ilirudi.

Ilianza Juni. Alikuwa akifunga viatu aende kwenye kikao cha wazee wa kanisa, akaanguka pale mlangoni. Hospitali walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani upande wa kulia umekufa na maneno yamemtoka. Baba yetu, aliyekuwa akihubiri mpaka watoto wanalalia mabenchi, hakuweza kusema hata neno maji.

Jioni ya kwanza Mama aliwasha taa, akafunga dirisha kama kawaida, akakaa kando ya kitanda. Hakuna aliyetazamia sala. Baba akafumbua mdomo, na sauti ikatoka safi, haina hata kigugumizi: "Bwana, giza limeingia nasi tumo ndani. Umlinde Remsangi. Umlinde Thansiama. Umlinde Ruata. Umlinde mama yao aliyechoka. Kupambazuke tukiwa wote. Amina."

Mama alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

Unakumbuka siku ya mazishi ya ndugu yetu Ruata, ulivyomwambia Baba mbele ya jeneza, watu wote wakisikia, kwamba Mungu wake ni kiziwi. Na unakumbuka alichokujibu, kwamba jina lako halitatoka tena kinywani mwake. Aliishika ahadi ile. Kwa miaka saba aliomba kila jioni akinitaja mimi, kisha akavuta pumzi, kisha akamtaja Mama. Nyinyi wawili mlikuwa katika ile pumzi.

Baada ya kiharusi ikawa kila jioni unatajwa. Mama alianza kuchana nywele zake kabla ya sala, kama mtu anayesubiri mgeni.

Baba mdogo Hranga hakupenda. "Shemeji, usijidanganye," alisema akinywa chai yake. "Hiyo ni sala ya zamani, ya kabla ya ugomvi. Mbona anamtaja na Ruata, naye yuko kaburini? Ulimi umezoea njia, unakwenda wenyewe kama ng'ombe anayejua zizi."

"Basi na wako uuzoeze kunyamaza," Mama akamjibu.

Mimi sikuwa upande wa mtu. Niliona kila mmoja anasema kweli.

Kulikuwa na vichekesho pia. Ukimuuliza kama anataka chai, anakujibu, "Bwana, giza limeingia," na jua liko utosini. Mwuza samaki alipita akapiga hodi, Baba akamlinda Remsangi, akamlinda Thansiama, mpaka yule mtu akavua kofia akasema amina. Siku hiyo Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baba naye alicheka, upande mmoja wa uso.

Sasa nikueleze kilichotokea Oktoba. Mchungaji Sangliana alikuja kumwombea, Baba mdogo naye alikuwepo. Mchungaji akasimama kando ya kitanda, akamwombea Baba, akamwombea Mama, akaniombea mimi, kisha akaanza kufunga sala. Hakukuruka kwa ubaya. Kanisa zima lilikuwa limeshazoea kukuruka.

Baba akapiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto.

"Mzee, unaumwa?" Mchungaji akauliza.

Akapiga tena. Halafu akaanza yeye: "Bwana, giza limeingia nasi tumo ndani." Ilikuwa asubuhi, dirisha liko wazi. Akanitaja mimi. Akakutaja wewe. Kisha akakwama hapo. Hakwenda kwa Ruata. Tuliona anavyong'ang'ana, jasho linamshuka kama mtu anayesukuma gogo. "Thansiama," akasema. "Thansiama. Umlinde Thansiama."

"Tumesikia, Baba Remi," Mama akamwambia. "Tumesikia."

Hakutulia. Alikuwa akimkazia macho Mchungaji. Ndipo Mchungaji akaelewa, akafumba macho tena, akakuombea kwa jina lako, kwa sauti kubwa. Baba akaushusha mkono.

Baba mdogo alitoka nje, akapanga upya rundo la kuni. Aliporudi aliniambia tu, "Remi, mtafuteni huyo kijana."

Sikwambii kwamba alikusamehe. Neno hilo hakulisema, hakuwa nalo. Wala sikwambii kwamba alikuomba radhi. Nakwambia nilichokisikia kwa masikio yangu, ukipe maana wewe mwenyewe.

Alifariki mchana, Mama akimlisha uji. Alikataa kijiko, akageuza uso. Vijana wa mtaa walichimba kaburi, majirani wakaja na kuni na nyama ya moshi, wakaimba na ngoma mpaka sauti zikawakauka. Kabla ya kufunga jeneza, katibu wa kanisa alimwinamia Mama akamnong'oneza ni watoto wangapi atangaze. Mama akamjibu kwa sauti ya kusikika barazani: "Watatu. Mmoja yuko hapa, mmoja yuko kwa Bwana, mmoja yuko safarini." Katibu akatangaza hivyohivyo. Ni mara ya kwanza wewe kutajwa mbele ya kanisa tangu uondoke, na hakuna aliyeguna.

Mimi sijalia. Naosha vikombe vya watu wanaokuja kutupa pole, vikiisha naviosha tena. Akina mama wa kanisa wananitazama usoni, wanasubiri. Sina cha kuwapa.

Juzi jioni Mama aliniambia, "Remi, omba wewe." Mama hapendi kuomba mbele za watu, unamjua. Nikatumia maneno ya Baba kwa kuwa sina mengine. Nilikutaja. Nilimtaja na Ruata. Mchungaji akinisikia namwombea marehemu atanisahihisha. Sikuhisi kitu chochote, Thansiama. Niliyasema kama mtu anayesoma kibao cha duka. Nilipofika amina nikafumbua macho, nikamwona Mama amelala palepale alipokaa, shali imemwanguka begani, anakoroma. Alikuwa hajalala tangu mazishi. Nilimfunika. Yale maneno yalikuwa yamemfikia bila mimi. Kwa hiyo jana niliyasema tena, na leo nitayasema.

Mama anakusalimu sana. Baba mdogo Hranga anakusalimu, na anasema nikuandikie kwamba barabara ya Aizawl imetengenezwa na basi halikwami tena. Bibi Chhingi na Mawii nao wanakupa pole. Nisalimie wote unaokaa nao.

Bwana akushike mkono popote ulipo, kazini na njiani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Remsangi