Jina la Kumi na Mbili

Ngana, Februari 1915

Kaka yangu mpendwa Sadoki,

Ndaga, kaka. Nakusalimu wewe, na wifi, na mama yetu hapo alipo na udongo wake wa vyungu. Je, kifua chake kimepata nafuu? Sisi tungali wazima, Bwana ashukuriwe. Mpwa wako Anyosisye ameota meno mawili. Juzi aliniuma ziwa nikacheka, kisha nikalia. Usishangae, siku hizi hapa kicheko na kilio vinalala nyumba moja.

Kaka, vita imeleta mambo. Baba mkwe wangu, ambaye wajua siwezi kulitaja jina lake hata kwenye karatasi, boma lilimfanya jumbe, likampa bendera na askari wawili. Uliniuliza zamani kama ni mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na watu wa kumwambia basi. Akizidi, mafumu, wale wakuu wa vijiji, walikuwa wakikaa na kumnung'unikia, naye akisikia baridi ya manung'uniko yao mwilini, ile homa ya mtu aliyenung'unikiwa na wakuu, anatoa ng'ombe, yanaisha. Mwaka huu fumu Andongwisye alikwenda kumwambia kuwa wapagazi wa vita waliochukuliwa wanatosha, mpunga utaozea shambani. Akajibiwa anung'unike mpaka ndevu zimdondoke, baridi haimpati mwenye askari mlangoni. Mzee akalazwa chini mbele ya wajukuu zake, akapigwa kiboko hamsa ishirini, zile ishirini na tano za boma. Mume wangu Ambilikile alisema kwa sauti kwamba hilo si jema. Baba yake aliyasikia, akayaweka moyoni.

Karani wa jumbe amekwenda vitani. Mwenye kuandika nikabaki mimi, kwa ile miaka yangu miwili ya shule ya misheni. Nawe wajua huku mke wa mtu hamwoni baba mkwe wala hasemi naye. Basi yeye hukaa upande ule wa ua wa matete, mimi upande huu na mtoto mgongoni, mama mkwe katikati akinirudishia maneno niliyokwisha kuyasikia. Yeye akifoka kwamba nina mkono mzito kama nafinyanga chungu, mama mkwe ananiambia kwa upole kwamba baba anauliza kama nimechoka. Karatasi ikiisha inakunjwa, askari anaipeleka boma. Yeye hajui kusoma, wala mwiko haumruhusu kuja kuchungulia.

Wiki tatu zilizopita alitaja watu kumi na wawili wa kupelekwa upagazi. Wa mwisho alikuwa Ambilikile. Mwanawe wa kumzaa, kaka! Mama mkwe hakulirudia jina lile, alijifunika uso kwa nguo. Jumbe akalisema tena mwenyewe, kama mtu anayeagiza kuni.

Askari wa boma walipokuja kuita majina, mume wangu hakuitwa. Baba yake alishangaa, watu wote waliona, lakini hakuuliza. Naye analiogopa boma kama sisi tunavyomwogopa yeye. Aliyeitwa ni jirani yetu Eliud, jembe lingali mkononi. Wakafungwa kamba, wakaenda.

Tangu siku hiyo mkewe, Angetile, haondoki mlangoni kwangu. Ndiye aliyenipikia uji siku saba nilipojifungua. Anasema, dada, wewe una kalamu, niandikie boma, uwaulize Eliud alimkosea nani. Jana alisikia kuna mpagazi amekufa njia ya mlimani, jina halijulikani.

Kaka, hapa usimsomee mama. Ni mimi niliyemwandika Eliud. Nilikwisha kuandika kumi na mmoja, mkono ukakataa, na hesabu ilitakiwa itimie. Nikamsikia Eliud huko mpungani akimtania mwenzake kwamba hata konokono angemtangulia kwa kupalilia, akacheka. Nikaandika jina lake. Kwa sababu hiyo tu, kwamba alicheka karibu. Hakuna aliyeniuliza. Miezi yote nimemlaumu jumbe kwamba hana wa kumwuliza. Siku moja tu nilipokosa wa kuniuliza mimi, tazama nilichofanya.

Leo asubuhi nimemwambia Ambilikile. Hakunipiga. Alimbeba mtoto, akamrudisha mikononi mwangu, akaenda kwa fumu Andongwisye. Anasema atakwenda boma awaambie jina lilikuwa lake, Eliud arudishwe, kama yupo. Nami kesho nitasimama mbele ya mafumu wote, na Angetile akiwapo, niseme. Jumbe atapata habari kabla jua halijatua, na kiboko nakijua kilipotundikwa. Lakini Ambilikile anasema mafumu wakishaniuliza mimi wazi mbele ya watu, watakuwa wamekumbuka namna ya kuuliza, na jumbe naye ataulizwa. Nimelishika neno hilo, kaka, sina jingine la kushika.

Usipopata habari zangu hadi mwezi mwingine uandame, njoo umchukue Anyosisye. Anakula ndizi iliyopondwa, na hapendi kulazwa chali.

Nisalimie wote wa ufukoni. Mama mwambie nampenda. Mniombee kesho nisinyamaze.

Ni mimi mdogo wako,
Tulinagwe