Mpaka Kengele ya Jioni: Baba Yetu Pantaleo Bujiku

Ni mwaka mmoja sasa, baba, tangu rimu ya kigangoni ilipogongwa nawe hukuvua kofia. Watu wa Runzewe wanaijua hiyo rimu ya lori. Katekista Ansgar huigonga asubuhi na jioni kwa sababu kengele hatuna. Wengi hawajui ilikuwa na maana gani kwako. Leo tunakuambia wewe, na wao wasikie.

Ulirudi kutoka kuchimba dhahabu Geita ukiwa na kiu ya gongo. Hatufichi, maana wewe mwenyewe hukuficha. Siku zile tulisikiliza unavyofungua mlango wa zizi. Ukiufungua taratibu, tunakula. Ukiupiga teke, mama anatutoa kwa nyuma tukalale kwa jirani, na ugali unabaki jikoni.

Pasaka moja uliapa mbele ya altare kwamba hutakunywa tena maishani. Jumatatu yake ulirudishwa umebebwa. Ndipo Ansgar akakuambia, "Maisha yote ni mzigo mkubwa, Pantaleo, utakuangusha. Apa mpaka nitakapogonga jioni. Jioni njoo uape mpaka asubuhi."

Ukashika hilo. Rimu ikilia unasimamisha jembe, unavua kofia, midomo inacheza. Mwanzoni mikono ilikutetemeka hata tonge lilikutoka vidoleni. Mfukoni ulikuwa na dengu za kukaanga. Kiu ikikubana unatafuna, na ukituona tunakutazama, unatugawia. Ulituchongea mipini ya majembe, kila mmoja kwa kimo chake.

Halafu, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, Cornel wetu mdogo akaugua. Alichomwa sindano zahanati, homa haikushuka. Ukoo ukakaa, wakasema mababu wanataka pombe kutoka kinywani mwa baba mzazi: aishike mdomoni, ampulizie mtoto, awataje waliotangulia.

Kaka yako mkubwa, Maige, akaja na kibuyu cha pombe ya mtama. Binti yako Generoza alikuwa mkekani amempakata Cornel, akaona macho yako yalivyoking'ang'ania kile kibuyu. Jua lilikuwa bado juu, na jioni iko mbali.

"Hakuna aliyelewa kwa kutema," alisema Maige.

"Kaka, mdomo wangu haujui kutema."

Shangazi Limi alicheka, kisha akanyamaza alipoona amecheka peke yake.

"Na mtoto akifa?" Maige akauliza. "Utawaambia watu ulimsikiliza Ansgar kuliko mwanao?"

Ulikipokea. Mama Serafina akageuza uso. Ukakisogeza puani, ukakaa nacho hivyo, na Generoza akaona koo lako linapanda na kushuka. Kisha ukamrudishia kaka yako kwa mikono miwili, kwa heshima zote, ukasema, "Generoza, mayu, mama yangu, niletee maji na unga wa mtama."

Ukakoroga kwenye kata, ukajaza mdomo, ukampulizia mwanao mpaka akakunja uso. "Baba Bujiku, na nyie babu zangu, mnanijua nilivyo. Nikiionja hiyo nyingine, huyu hatakuwa na baba hata akipona. Pokeeni maji. Nawe Mungu, nishike mpaka jioni."

Maige aliondoka bila kuaga, akipita akisema umemuua mtoto. Rimu ilipogongwa ulikwenda kigangoni, Generoza akikufuata nyuma asije akakupoteza njiani.

"Nasikia umetambika," alisema Ansgar.

"Nimetambika."

"Kwa pombe?"

"Kwa maji."

Akaguna, akakutazama sana. "Haya, piga magoti. Mpaka asubuhi."

Homa ya Cornel ilishuka polepole. Wewe ukasema ni sindano, mama akasema ni Mungu, shangazi Limi akasema ni unga. Sasa Cornel ni mrefu, baba. Ule mpini uliomchongea umekuwa mfupi, na hataki kuubadilisha.

Maige hakukanyaga kwetu tena mpaka siku ya kukuzika. Alikuja na kibuyu kilekile, watu wakampisha. Sote tulijua ukoo humwagia marehemu nini. Mama alimbana Generoza mkono mpaka ukamuuma. Kaka yako akakiinamisha juu ya udongo wako, na yaliyotoka yalikuwa meupe, maji na unga.

"Pokea, mdogo wangu," alisema. "Jioni imefika."

Anakukumbuka mkeo Serafina. Wanakukumbuka wanao Generoza na Cornel, dada yako Limi na kaka yako Maige. Anakukumbuka na katekista Ansgar, ambaye kila jioni, kabla hajagonga, hutazama kwanza njia inayotoka kwetu. Rimu ikilia, Cornel huvua kofia.

Hutatutoka moyoni, baba, daima.

Runzewe, 1984