Picha Yako kwenye Kompyuta ya Dirishani

Chumba cha Mitambo,
Maktaba ya Chuo.
Jumapili jioni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Natumaini yale mazoezi unayafanya, si kuyasimulia tu. Sisi huku wazima, ila mimi macho yananiwasha kwa kukodolea kompyuta.

Najua unangoja habari za kitindamimba wako, basi nianzie mwisho: kesho anakabidhi tasnifu yake. Sasa vuta kiti, maana Ijumaa mambo yalikuwa mengine.

Alinijia ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Sura ya mwisho ya tasnifu ilikuwa imetoweka, na bila hiyo angerudia mwaka. Kumbe alikuwa akificha tangu juzi yake, hata begi ameshafunga arudi kwako! Nikamwambia mficha uchi hazai.

Hapa kwetu kompyuta za mezani hazitunzi kazi ya mtu. Folda ya kila mwanafunzi iko kwenye seva, mashine kubwa iliyo chumbani kwangu, na humfikia kwa waya popote anapoketi. Nikapekua seva, nikapekua nakala za akiba. Sura nne tu. Mwanao akaniambia nisimfiche, ameshakata tamaa. Maneno hayo yaliniuma, Mama Mdogo.

Nikamuuliza kama siku aliyoandika aliona lolote la ajabu.

“Picha ya mama haikuwepo kwenye skrini,” akasema. “Nikajua wenzangu wamenichezea tu.”

Hapo nikang’amua, maana picha yako hukaa ndani ya folda yake ya seva! Asubuhi ile mtandao ulikuwa umekatika, na kompyuta, badala ya kumkatalia, ikampa folda tupu ya kwake yenyewe. Akaandika humo hadi jioni. Nilipotengeneza mtandao, folda ya seva ikarudi na kuifunika ile nyingine, kama shuka lililotandikwa juu ya ufunguo uliosahauliwa kitandani. Bahati nzuri mwanao ni mkaidi, haketi penginepo ila kwenye kompyuta ya dirishani. Nikajua pa kutafuta.

Nikaiondoa folda ya seva kwenye mashine ile, nikachungulia chini yake. Sura ya tano hiyo, nzima, hadi nukta ya mwisho. Alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Nimeshazirekebisha kompyuta zote zisirudie mchezo huo. Ila mitambo haina adabu, kwa hiyo nimempa mwanao sheria yake peke yake: asipoiona picha ya mama yake, asiandike hata neno moja.

Begi hajalifungua. Anasema atakuja nalo hivyo hivyo, akiwa amemaliza.

Nisalimie Babu, na Mjomba Kicheko umwambie utani wake tumeukosa. Mungu akutunze, na hayo magoti yapate nguvu za kupanda ngazi za ukumbi siku ya mahafali. Kiti chako tumeshakiwekea alama.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Fundi Waya